Paa Lililopitia kwa Mjomba

Mabati yalifika Naipingo Jumatatu saa nne asubuhi, yamelazwa juu ya kirikuu na kufungwa kwa kamba ya katani. Mjomba Bakary alikuwa amekaa mbele pembeni ya dereva, kofia imenyooka kichwani, kama bwana harusi. Dada yake, Sikudhani, alikuwa uani anageuza korosho juani. Aliposikia injini imezimwa mlangoni pake alijifunga kanga upya, akatoka mbio, akidhani kaletwa mgonjwa.

"Kaka, ya nani haya?"

"Yako."

"Yangu? Kutoka wapi?"

Bakary hakuwa na haraka. Alishuka, akajipangusa vumbi la kutoka kwake Nambilanje, akakubali maji ya kunywa, akanywa mpaka chini ya kikombe. Ndipo akasema, "Kuna mtu wa Ruangwa mjini ana haja na Raudha. Mtu mwenye adabu. Hakwenda kumsumbua mtoto huko Mtwara, amekuja kwangu, kakaa mkekani, kaniambia, mzee, mimi nimeona nipitie kwa mjomba."

Basi. Huku kwetu hayo yanatosha. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mlango wa ukoo ni mjomba. Mtu akiupitia mlango huo na mzigo mkononi, tena mgeni, tena mwenye pesa, hakuna mwanamke mwenye binti wa miaka thelathini na moja ambaye hajaolewa atakayesimama kuuliza haja yenyewe ni ipi. Bakary hakutamka neno posa. Hakutamka pia kwamba si posa. Alijikalia katikati ya hayo mawili, amekunja nne, na dada yake akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka na miko mikononi.

"Geji ishirini na nane," Bakary alisema, akilipiga bati kwa kiganja. "Utakufa wewe, lenyewe lipo."

Kufikia Jumanne fundi Huzaifa alikuwa amekwisha kuezeka. Nyasi kuukuu Sikudhani aliwapa wachoma matofali wakawashie tanuri, na hakubakiza hata kicha kimoja. Alisimama barabarani akaitazama nyumba yake inavyometameta, akalia kidogo, akacheka kidogo, kisha akampigia simu binti yake aombe ruhusa kazini aje nyumbani upesi.

*

Raudha aliipata habari yake mwenyewe kutoka kwa kijana wa bodaboda. Alikuwa ameshuka stendi ya Nachingwea, begi mgongoni, akamwambia kijana ampeleke Naipingo kwa Sikudhani.

"Aa, kumbe ndio wewe!" kijana akasema. "Hongera dada. Jamaa kajipanga, kaanza na paa kabisa."

"Jamaa gani?"

Kijana akacheka, akadhani anaona haya. Raudha hakuuliza tena. Walipokata kona ya mwisho aliona mng'ao katikati ya mikorosho, akajua ni kwao, na hakufurahi hata kidogo.

Alimwamkia mama yake, akavua viatu, akaingia ndani, akatazama juu.

"Mama, nani kaezeka?"

"Mchumba wako."

"Sina mchumba."

"Unaye. Kapitia kwa mjomba wako. Anaitwa Adinani, yule mnunuzi wa ufuta na choroko wa Ruangwa. Wanasema ana mpaka meli."

Raudha alikaa chini pale pale alipokuwa. Alilijua jina hilo vizuri kuliko mama yake. Lilikuwa kwenye jalada mezani kwake ofisini Mtwara: Neema ya Kusini, meli ya mizigo na abiria, mmiliki Adinani na mwenzake, ukaguzi wa daraja tarehe kumi na nne mwezi ujao. Mkaguzi: Raudha.

"Mama, huyu hakuja kunioa."

"Kaja kufanya nini basi? Mtu anaezeka nyumba ya mwenzie bure?"

"Hajaezeka bure."

Ikabidi aeleze. Miaka sita mama alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake anafanya kazi "ya meli", na walioona bahari hapo Naipingo hawakujaza mkeka. Raudha akaeleza kwamba kampuni yao inazikagua meli na kuzipa daraja. Meli isiyo na cheti cha daraja haikatiwi bima, na isiyo na bima haipewi mzigo. Chuma cha meli huliwa na chumvi, lakini hakiliwi sawasawa. Pana mahali kinaoza upesi na pana mahali kinadumu, na huwezi kupima kila shubiri. Ofisi yao ilikuwa na kijitabu, matunda ya miaka ishirini ya kutambaa ndani ya matumbo ya meli, kinachosema kwenye meli ya namna hii anza hapa, nenda pale, gonga nyundo kule. Kijitabu hicho hakitoki ofisini. Kila mkaguzi alitia saini kwamba hatakionyesha, hatakinakili wala hatakisimulia.

"Mwenye meli akijua tunagonga wapi," Raudha alisema, "ataweka chuma kipya hapo tu. Kwingine ataacha kuoze, apake rangi. Tutagonga, italia vizuri, tutampa cheti."

Sikudhani alitazama juu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne aliona aibu kulitazama paa lake.

"Vile vigelegele vyote," alisema polepole. "Nilipigia meli?"

*

Adinani alikuja kesho yake na mjomba Bakary, mchana, na kilo mbili za sukari. Hakuwa mtu wa vitisho. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Sikudhani shikamoo wakati walikuwa karibu rika moja, akasifu uji, akaomba aongezewe. Sikudhani alimwongezea. Angefanya nini, mgeni ni mgeni.

Kisha akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa, akaikunjua mkekani. Ulikuwa mchoro wa meli, umekatwa ubavuni kama samaki aliyepasuliwa. Juu yake akaweka kalamu nyekundu.

"Dada Raudha, sikuombi kitabu," alisema. "Najua kimefungiwa. Mimi naomba alama tu. Weka vidoti pale mnapogonga, basi. Meli ni yangu, mchoro ni wangu, kalamu yangu. Chako mkono tu."

"Mkono wangu hautaki."

"Ni msaada wa kibiashara. Nitengeneze mapema mnachokitaka, nisipoteze muda bandarini. Hata wewe kazi yako inakuwa rahisi."

"Kama unataka kutengeneza, tengeneza yote."

Adinani akacheka kwa upole. "Yote? Unajua chuma bei gani siku hizi?"

"Najua."

Mjomba Bakary akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwenye zamu. "Raudha, mwanangu. Hicho kitabu chenu umekiandika wewe?"

"Kurasa kumi na moja ni zangu, mjomba. Nilizipata mwenyewe, miaka mitatu, ndani ya meli za watu."

"Jina lako limeandikwa?"

"Halikuandikwa."

"Ehe! Basi si chako. Unalinda mali ya watu ambao hata jina lako hawakulitaja."

"Jina halipo. Lakini magoti yangu yapo." Akavuta gauni kidogo, makovu yakaonekana, meusi, ya kutambaa juu ya vyuma. "Na michoro ya wenye meli wengine imo humo. Walituamini, nao ni watu."

Bakary hakuyatazama magoti. Alikuwa ametazama upande wa Adinani, na ukimtazama vizuri ungeona kwamba hakuwa akimtetea mgeni bali alikuwa akijitetea mwenyewe, maana aliahidi kitu ambacho alidhani ni chake kukitoa. Alikwisha kusema kule Nambilanje, mbele ya watu, "Yule ni mpwa wangu, nikisema kaa atakaa." Sasa mpwa alikuwa amekaa, lakini si kwa amri yake.

"Mimi ndiye mjomba wako," akasema, na sauti ikapanda. "Hukuingia unyago bila idhini yangu. Hukusoma bila mimi kuuza mbuzi. Nakupa mpaka kesho baada ya sala ya Ijumaa. Usiponisikia, siku ya harusi yako msinitafute. Na siku ya matanga ya mama yako msinitafute."

Sikudhani aliweka mkono kifuani. Tisho hilo halikuwa la Raudha, lilikuwa lake. Mwanamke kuzikwa kaka yake hayupo, ukoo umegeuza mgongo, watu wakinong'ona kaburini! Adinani aliikunja karatasi yake taratibu, lakini kalamu akaiacha mkekani.

*

Walipoondoka Raudha alipiga simu kwa mkuu wake Mtwara, akamweleza kila kitu. Aliomba aondolewe kwenye ukaguzi wa Neema ya Kusini apewe mwingine. Mkuu akashukuru, akasema ataliandika. Kisha Raudha akatoka nyuma ya nyumba, akaokota kipande cha bati alichokikata Huzaifa, akakipinda kidogo kwa vidole, akakunja uso, akakitia begini.

Kwenye bomba la maji wanawake walimuuliza Sikudhani harusi ni lini. Akasema bado inazungumzwa. Wakauliza kama mchumba ana mke mwingine. Akasema hajui. Wakatazamana, mmoja akasema, "Paa keshalipata, mwenzetu mipango yake ya ndani hatuambii tena." Wakacheka, na yeye akacheka nao, akajitwika ndoo iliyojaa nusu ili aondoke mapema.

Alimkuta Raudha anachambua korosho. Akakaa karibu naye, akaanza kuchambua na yeye.

"Mwaka jana mvua ilinikuta nimelala," alisema. "Nilihamisha kitanda mara nne. Mwisho nikakaa kwenye kona ile, nimejifunika beseni."

"Najua, mama. Nilikuwa nakusanya nikuezekee mwakani."

"Sikulaumu. Nasema tu." Akatupa korosho mbovu pembeni. "Huyo mtu akiweka chuma pale tu, kutatokea nini?"

Raudha akamweleza alichokiona mwaka uliopita. Si meli ya Adinani, ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa tumboni mwake na tochi, rangi ni mpya, inanukia. Akagonga mahali ambapo hakuna aliyetegemea agonge, na nyundo ikaingia. Ikapita kabisa, akabaki ameshika mpini. Juu yake, sitaha ya abiria, walikuwa wakipanda wanawake waliobeba watoto, wanakaa juu ya magunia kwa sababu mabenchi yamejaa. Alikuwa akizisikia sauti zao kupitia chuma, wanaagana na ndugu zao. Aliizuia meli isiondoke, na abiria wale wale wakamtukana mpaka machozi yakamtoka.

Sikudhani alichambua korosho kadhaa.

"Mnagonga wapi?" akauliza. "Si kwa ubaya. Mimi mama yako, nataka kuelewa tu."

"Hata wewe, mama."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Hilo lilimuuma kuliko maneno ya kaka yake. Tumbo lililombeba huyu mtoto halistahili hata kuambiwa kitu cha chuma? Aliinuka, akavaa kandambili, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Mwanawetu, kungwi aliyemwingiza Raudha unyago, na kabla yake akamwingiza Sikudhani mwenyewe. Alimkuta anakuna nazi, akamlalamikia yote, kuanzia mabati mpaka hilo la mwisho.

Bibi Mwanawetu alicheka akaacha kukuna nazi.

"Mumeo, Mungu amrehemu, uliishi naye miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Yale niliyokufundisha siku zile za ndani, ulimwambia?"

"Hee! Bibi, ningemwambiaje?"

"Hata alipokuomba?"

"Aliniomba sana."

"Ulimpenda?"

"Nilimpenda."

"Haya," Bibi akasema, akarudi kwenye nazi yake. "Kesho nije saa ngapi?"

*

Ijumaa baada ya sala walikaa kwenye kibaraza cha Sikudhani. Bakary alikaa kwenye kiti kwa kuwa ni mjomba, Adinani kwenye kiti kwa kuwa ni mgeni, na wengine mkekani. Huzaifa fundi aliitwa awe shahidi, maana ni jirani. Mchoro ulikunjuliwa tena, na kalamu nyekundu ilikuwa juu yake. Kusini kulikuwa na wingu.

Bakary alifungua kikao kwa maneno mengi ya heshima ambayo mwisho wake ulikuwa mmoja: mtoto achukue kalamu. Alipomaliza, Bibi Mwanawetu aliomba ruhusa.

"Mie Kiswahili changu cha sokoni, mtanisamehe," alisema. "Bakary, wewe uliingia jando?"

"Niliingia, mama. Kulekule Nambilanje. Nilikuwa na miaka tisa."

"Kule porini kumbini walikufundisha?"

"Walinifundisha."

"Nini?"

Bakary akatabasamu, akadhani ni utani. "Mama nawe."

"Nakuuliza. Nini? Mgeni huyu yupo, mimi mwanamke nipo, Raudha yupo. Tuambie. Na ule wimbo wa asubuhi, tuimbie tuusikie."

Tabasamu likaondoka. "Hayasemwi yale."

"Ulitia saini?"

"Hapana."

"Yameandikwa jina lako?"

"Mama, si yangu yale. Ni ya waliotutangulia, na ya watakaokuja. Nikiyasema hapa kibarazani yanakuwa maneno ya kijiweni, hayamsaidii tena mto..."

Akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Huzaifa alitazama miguu yake mwenyewe.

"Mgeni akikuezekea nyumba, utayasema?" Bibi akauliza, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Hapana."

"Akikujengea ya ghorofa?"

"Hata aniue, mama."

"Basi kumbi la mtoto huyu liko ndani ya meli. Kaingia kwa magoti, katoka na makovu, waliomo wamemwambia asiseme. Wewe uliyeapishwa, ndiwe unamvuta ulimi?"

Mjomba Bakary alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa majivuno, lakini hakuwa mtu mbaya, na majivuno yakiisha hewa hadharani hivi mtu hubaki hajui mikono aiweke wapi.

Adinani ndiye aliyecheka. "Bibi, tuheshimiane. Ile ni mila. Hiki ni chuma tu."

"Na ndani ya chuma hamna watu?"

Adinani aliinama mkekani. Aliukunja mchoro, safari hii bila upole, akasimama. "Sawa. Mimi sina maneno mengi. Nirudishieni mabati yangu. Leo." Akatazama wingu, akatazama paa, akatabasamu. Alijua kwamba nyasi za zamani zimekwisha kuwa majivu, na kwamba hakuna mwanamke anayejivua paa mvua ikiwa kwenye kizingiti. Alikuwa akisubiri kuombwa.

Sikudhani alisimama.

"Huzaifa," akaita. "Nyundo yako iko wapi?"

"Iko nyumbani, mama."

"Kailete. Na ngazi."

"Dada!" Bakary akaruka. "Utalala wapi?"

"Mle mle."

"Mvua hii?"

"Inanijua. Si mara ya kwanza." Akamgeukia Adinani. "Baba, ulinifanya nikapiga vigelegele kwa ajili ya watu watakaozama. Majirani wamenicheka bombani, na watanicheka tena leo wakiona natoa paa. Wacheke. Lakini sitalala chini ya kitu chako hata usiku mmoja zaidi."

Misumari ilianza kulia. Raudha alipanda juu na Huzaifa, gauni limefungwa kiunoni, na kila bati lililoshuka Sikudhani alilipokea kwa mikono yake. Watu walikuja. Wachache walicheka, kisha wakaona uso wa Sikudhani, wakaacha, na wawili watatu wakaja kupokea naye. Bati la sita liliposhuka lilijikunja lenyewe katikati.

"Taratibu!" Adinani akapiga kelele. "Mnaniharibia. Hiyo ni geji ishirini na nane!"

Raudha alishuka ngazi. Alitoa begini kile kipande alichokiokota, na kifaa kidogo cha kupimia unene, akakibana, akasoma, akamwonyesha mjomba wake.

"Hii ni thelathini na mbili, mjomba. Ndiyo nyembamba kuliko yote dukani. Na hili si la kijitabu, hata Huzaifa anajua."

"Nilijua tangu siku ya kwanza," Huzaifa alisema kutoka juu. "Misumari ilikuwa inaingia kama kwenye papai. Nikaona si neno la kumwambia mama mwenye furaha."

Kicheko kilichopigwa hapo kilifika mpaka barabarani. Adinani akasema hayataki tena, yametobolewa, yamekuwa takataka. Akawasha gari lake akaondoka na mchoro wake. Kalamu nyekundu ilibaki mkekani, Bibi Mwanawetu akaichukua akampe mjukuu.

Mabati yakabaki uwanjani, na Bakary pembeni yake.

"Kaka," Sikudhani alisema, "yaliingia kwa mlango wako. Yatokee huko huko."

Bakary aliita kirikuu kwa simu yake. Safari ya kurudi Nambilanje hakukaa mbele. Dereva alikuwa amebeba mtu mwingine, Bakary akapanda nyuma, akakaa juu ya mzigo wake, ameushika kwa mikono miwili usiruke na upepo.

*

Siku ya nane baada ya kikao Raudha alipigiwa simu kutoka Mtwara. Ofisi ilikuwa imepokea ujumbe usio na jina: mkaguzi wenu amejengewa paa na mwenye meli, nendeni mkaone. Mkuu alisema anamwamini, lakini utaratibu ni utaratibu. Asirudi kazini kwanza, na kompyuta yake itachukuliwa ichunguzwe.

"Mimi ndiye niliyewaambia," Raudha alisema.

"Ndiyo. Lakini hukutaja paa."

"Nilitaja!"

"Halikuandikwa."

Raudha alikata simu, akasonya kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. Kisha akachukua panga, akafuatana na wanawake watatu kwenda Marambo, bondeni, kukata nyasi za kuezekea, maana Novemba za karibu zote zimeungua na huko ndiko zilikosalia.

Kwa hiyo Anuari, afisa wa ofisi aliyetumwa kuchunguza, alimkuta Sikudhani peke yake. Alikuwa kijana nadhifu, amebeba daftari na kamera, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Alisimama mlangoni akabisha hodi.

"Karibu, baba, pita ndani," sauti ikamjibu.

Akapita ndani, na ndani kulikuwa na jua. Kuta nne, juu boriti na fito zenye matundu ya misumari, kisha mbingu. Sebule nzima ilikuwa imetandazwa korosho, na mwenye nyumba amekaa katikati, amejifunga kilemba, anazigeuza.

"Zinakauka vizuri," Sikudhani alimwambia. "Na wezi hawazifikii. Kaa hapo kwenye kivuli cha ukuta."

Anuari akakaa. Alitazama juu, akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama, tuliambiwa kuna paa jipya hapa."

"Lilikuwepo."

"Sasa liko wapi?"

"Liko Nambilanje, Ruangwa, kwa kaka yangu. Limeegemezwa kwenye mwembe. Nenda ukalipige picha, lakini upige na haya matundu, usije ukasema hukuyaona."

Alipiga picha matundu. Alipiga boriti, na kitanda kilichofunikwa turubai pembeni. Halafu akakaa tena, maana lililobaki lilikuwa kwenye orodha yake na ilimlazimu aliulize.

"Mama, nisamehe. Ninatakiwa niulize. Raudha amewahi kukueleza lolote kuhusu kile kijitabu? Wanagonga wapi, wanaanzia wapi? Hata kwa maneno ya mazungumzo tu ya nyumbani?"

Sikudhani aliacha kugeuza korosho. Wingu lilikuwa limefika juu yao, na tone moja zito likaanguka kwenye ukurasa wa Anuari, likauvuruga wino. Kijana akatazama juu haraka. Mama hakutazama.

"Hakuniambia," alisema. "Na angeniambia, baba, nisingekuambia. Shika pembe ile ya mkeka tuingize korosho chini ya turubai."